Pezi la Kulia

Bwana, Mzungu wa serikali wa mambo ya samaki, alikuja mara ya kwanza mwezi wa saba mwaka wa 1949, wakati mto Athi umeshuka mpaka mawe yanatoa mgongo. Alikuja na lori, mahema mawili, makarai ya bati, na mkasi mdogo wa aina ile ya fundi wa nguo. Huo mkasi nitaueleza vizuri, kwa sababu samaki walipokatwa, aliyewashika ni mimi.

Siku hizo tulikaa upande wa Kitui, chini ya Ikutha, karibu na mto, mimi na marehemu mke wangu Mwanamisi. Jina langu ni Mutie. Baba mkwe wangu, mzee Hemedi, mtu wa Pwani aliyekuwa na duka la nguo Ikutha, alinipa jina la Amin siku ya ndoa, na nyumbani kwake niliitika. Kwetu waliendelea kuniita Mutie, na wengine waliniita mla nyoka, maana Mkamba wa zamani samaki hali, na mkunga hata kumtazama hataki. Ni samaki mrefu, mweusi, anateleza. Ukimweka kwa nyasi anatambaa. Mimi mwenyewe nilimkimbia siku ya kwanza. Mwanamisi alicheka, akamshika kwa majivu, akamkata kichwa, akambanika juu ya moshi, akaniambia nifunge macho nile. Nilikula. Tangu siku hiyo mto ndio ulitulisha.

Yeye ndiye alinifunza kusuka migono, ile mitego ya fito yenye mdomo mpana na koo jembamba, samaki akiingia hajui kurudi. Baadaye watu kama kumi wa pale mtoni wakaacha aibu wakasuka yao. Samaki wa moshi tuliwauza kwa wafanyakazi wa mkonge ng'ambo, upande wa reli. Wengi walikuwa Waluo na watu wa Pwani, na hao hawachoki samaki.

Mahali petu mto ulikuwa na kidimbwi kirefu tulichokiita Kwa Nzou. Mamba walikuwapo, na kila mtu alijua. Wanawake walichota maji kwenye mwamba upande wa juu, mamba walilala kwenye mchanga upande wa chini, wanene, midomo wazi, na tangu nihamie pale hawakuwahi kugusa hata mbuzi. Nilimwuliza Mwanamisi kama haogopi kuingia majini kutega.

"Baba Mishi, hawa na sisi tunakula sahani moja," akasema. Mishi ni binti yetu, wakati huo ameshaolewa Mwingi. "Sahani bado imejaa. Nitaogopa siku mikunga wakiisha. Hapo sitaingia, na wewe hutaingia."

Basi Bwana. Alikuwa kijana, shingo nyekundu, mpole. Hilo nalisema ili nisimwonee. Ofisi yake ilikuwa Pwani. Alitukusanya sisi wavuvi, na hedimani wetu, mkuu wa mtaa, Mwangangi, amekaa karibu naye kwenye kiti cha turubai, akatuambia kwa Kiswahili chake:

"Samaki hii si ya mto. Mama yake nazaa yeye huko bahari, mbali sana. Toto nakuja kwa mto, nakula hapa miaka kumi, miaka kumi na tano, halafu narudi bahari, nazaa, nakufa. Mimi nataka jua ngapi iko. Kama iko mingi, ofisi naruhusu watu ya nyavu kubwa. Kama iko kidogo, mimi nasema hapana, wacha yeye."

Mzee Ndululu, mvuvi mwenzangu, mtu ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akauliza kwa Kikamba, "Anataka kuhesabu nyoka walio chini ya maji? Na walio chini ya ardhi atawahesabu lini?" Watu wakacheka. Bwana naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Kesho yake alikuja nyumbani kutaka kunieleza kazi. Mwanamisi alikuwa na sinia la mahindi ya kupika isyo, bado hajatia maharagwe. Bwana akaomba sinia. Akatia maharagwe ishirini, akachanganya, akaniambia nifumbe macho nichote konzi moja.

"Kama maharagwe natoka mingi, mahindi iko kidogo," akasema. "Kama maharagwe natoka moja moja, mahindi iko mingi sana. Mimi nakata samaki, naweka alama, narudisha kwa maji. Hiyo ni maharagwe yangu. Halafu nyinyi navua, na wewe naangalia alama ngapi natoka."

Ilikuwa akili nzuri. Hata leo siwezi kuitukana. Mwanamisi alirudishiwa sinia lake, akatia maharagwe mengine, tukapika.

Kazi ya kukata ilichukua wiki tatu. Mkunga ana pezi dogo kila upande, nyuma tu ya kichwa, limekaa kama sikio la mwanambuzi. Mimi nilimbana samaki kwa gunia la maji, Bwana akakata nusu ya pezi la kulia, chwip, tukamrudisha mtoni. Tulikata mia nne, juu na chini ya Kwa Nzou. Watu walisimama ukingoni wakitazama, kimya. Hata Ndululu alinyamaza. Nilifikiri wamechoka kucheka.

Bwana akaondoka. Aliniachia daftari, penseli na koti la kaki. Kila wavuvi wakileta samaki, nichore mstari mmoja kwa kila samaki, na mwenye pezi lililokatwa nimchoree msalaba. Mwangangi ndiye angepeleka daftari Ikutha.

Sasa sikiliza kitu ambacho huyo msomi hakukiuliza, na hakuna mkubwa aliyemwambia. Kwetu mbuzi akikatwa sikio ana mwenyewe. Kila ukoo una alama yake, tunaiita uvano, na anayekula mnyama mwenye uvano wa mtu mwingine anakula matata. Tena watu walikuwa hawajasahau mwaka wa 1938, serikali ilipokuja na hesabu ya ng'ombe. Walihesabu, wakapiga chapa, wakachukua. Baba yangu alikuwa na madume mawili, akabaki anatazama kamba. Basi watu hao hao, miaka kumi na moja baadaye, wanaona Mzungu wa serikali amekaa mtoni anakata samaki sikio. Wafikiri nini?

Wiki ya pili Ndululu alikuja kwangu amebeba gunia linalodondosha maji.

"Mutie, nisaidie. Ng'ombe wa serikali ameingia zizini mwangu."

Nikafungua. Mkunga mnene, pezi la kulia nusu.

"Huyu ni wa hesabu tu, mzee. Bwana mwenyewe alisema mumlete."

"Na wale ng'ombe, serikali haikusema ni wa hesabu tu? Mimi nimezeeka, sitaki kulala jela kwa sababu ya nyoka." Akanitazama koti. "Wewe ni mtu wao, huwezi kufungwa. Lakini hata wewe, kama una akili, usionekane naye."

Nilitaka kumcheka. Badala yake nilijiona nimesimama mbele ya askari na samaki mwenye alama mkononi, daftari lina msalaba, na jina langu liko juu. Tukatembea wawili tukamtupa mtoni. Na huyo hakuwa wa kwanza. Nilikuja kujua wote walikuwa wanafanya hivyo, aliyekatwa anarudi majini kabla jua halijapanda, mzima ndiye analetwa kwangu. Mwishowe na mimi nilipoinua mgono wangu nikakuta pezi nusu, nilifungua mkono nikamwacha aende. Daftari likajaa mistari. Misalaba haikufika kumi.

Mwanamisi ndiye aliyeona. Alikuwa akipasua samaki, kisu kikasimama.

"Mbona wote wana masikio mawili?"

Nikamweleza. Akaweka kisu chini akanawa mikono, jambo ambalo hakuwa anafanya katikati ya kazi.

"Baba Mishi, mnayachambua maharagwe kwenye sinia," akasema. "Bwana akichota atakuta mahindi matupu. Atasema yamejaa, hayana mwisho, na ataleta nyavu. Umesahau? Alisema mbele yenu."

"Watu wanaogopa."

"Mimi pia naogopa. Mimi ndiye ninayeingia majini. Nenda ukamwambie Mwangangi leo, kabla hajapeleka hilo daftari."

Nilienda. Mwangangi nilimkuta anapiga rangi mlango wa nyumba yake mpya ya mabati. Hakuacha kupaka. Nilipomaliza maneno akachovya brashi taratibu.

"Unataka nipeleke Ikutha habari gani? Kwamba watu wa mtaa wangu wanatupa kazi ya serikali mtoni?"

"Hesabu itakuwa ya uongo, hedimani."

"Hesabu ni ya nani? Ni yako? Wewe darasa la pili, mimi la nne, yule amesoma ng'ambo. Atapata uongo wake mwenyewe akiutafuta." Akageuka kunitazama. "Na akiniuliza ni nani alikuwa na koti na daftari, nitamwambia ni Amin wa Ikutha. Chora mistari yako, mla nyoka. Wachie wenye akili wapige hesabu."

Daftari lilienda.

Bwana alirudi mwezi wa pili mwaka wa 1950. Alikaa siku nzima mezani kwa penseli, akagawa, akazidisha, akajaza karatasi. Halafu baraza likaitwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Alisimama, uso unang'aa kwa furaha.

"Samaki iko mingi kupita sisi nafikiri. Mingi sana. Elfu na elfu. Watu ya Pwani naogopa bure. Nyinyi nafanya kazi mzuri, na huyu," akanyoosha mkono kwangu, "huyu nafanya kazi mzuri kabisa."

Akanipa mkono mbele ya watu. Mwangangi alikuwa ananitazama. Ndululu alikuwa anatazama chini. Upande wa wanawake Mwanamisi alikuwa amesimama, wengine wote wamekaa, na alikuwa amenikazia macho akingoja.

Nilifungua mdomo.

"Asante, Bwana," nikasema.

Tulipokuwa tunarudi Mwanamisi hakuningoja. Alitembea mbele. Hapo ndipo watu huniuliza, kwa nini hukusema? Na mimi nawauliza wao, mtu ambaye baba yake alinyang'anywa madume kwa kalamu asimame mbele ya hedimani aseme kalamu imekosea? Aliyepewa mshahara wa kuuliza ni nani? Walikuwa na lori, walikuwa na vitabu, walikuwa na hedimani. Mimi nilikuwa na koti.

Watu wa nyavu walikuja kiangazi cha mwaka huo huo. Kontrakta aliyepewa kibali hakushuka hata kwenye gari. Vijana wake walikokota nyavu kutoka ukingo mpaka ukingo, kidimbwi baada ya kidimbwi, wakitia samaki kwenye mapipa ya chumvi. Hao hawakuwa watu wa huku, pezi zima na pezi nusu kwao ni samaki. Siku ya pili nikaenda nikainama juu ya pipa, nikageuza mikunga mmoja mmoja natazama upande wa kulia.

Nusu. Mzima. Nusu. Mzima. Mzima. Nusu.

Nilimaliza pipa zima. Halafu nikakaa chini kwenye mchanga nikapiga hesabu ya sinia peke yangu, mimi wa darasa la pili. Katika kila wawili, mmoja amekatwa. Tulikata mia nne. Basi mto wetu wote, juu na chini, ulikuwa na mia nane tu, ndio hao wanaoingia kwenye chumvi.

Nilimfuata msimamizi wao. "Simamisheni. Samaki ni kidogo."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Akatoa karatasi mfukoni akaikunjua. "Hii inasema ni wengi. Ina muhuri. Wewe una muhuri?"

Walivua kiangazi hicho na kilichofuata. Kibali kilikuwa cha miaka mitatu.

Mto ukishakuwa tupu unajulikana kwa masikio. Zamani ukikaa Kwa Nzou jioni ungesikia maji yanapigwa hapa na pale, samaki wanawinda. Sasa kimya. Korongo wakahama. Fisi maji, ambao walikuwa wezi wa migono yetu, wakahama. Mafuriko yalipokuja nilienda kwenye mawe kutazama vile vitoto vinavyopanda kutoka baharini, vyembamba kama sindano, unaona macho tu. Miaka ya nyuma vilikuwa vinafunika jiwe. Nilikaa siku tatu. Nikaona kimoja.

Mamba ndio hawakuhama. Walikonda. Ngozi ikawalegea shingoni, wakaanza kukaa upande wa juu. Kwanza akachukuliwa mbwa wa Ndululu. Halafu mbuzi, mchana, mbele ya mchungaji. Halafu tukaanza kukuta migono imepasuliwa, fito zimetafunwa, na ndani hamkuwa na kitu. Mnyama anayetafuna fito anatafuta nini?

Kaluki, jirani yetu, aliacha kuchota kwenye mwamba, akaanza kuchimba mchanga mbali na maji. Wanawake wengine wakamfuata. Mwanamisi alienda kwa Mwangangi kuomba bunduki ya serikali ije. Alirudi amekaza kitambaa kichwani.

"Amesema nilete barua," akasema. "Nikamwambia sijui kuandika. Akasema basi mume wangu aandike, si yeye ni karani wa samaki."

Niliandika. Barua ilienda mwezi wa sita mwaka wa 1951. Mwezi wa nane haijajibiwa. Nilimwambia Mwanamisi tuache mto, twende Kathonzweni, wanagawa mashamba mapya huko upande wa Makueni. Alikubali. Alisema tuvue samaki wa mwisho wa kuuza, tupate nauli na mbegu, migono sita ilikuwa bado majini.

"Ulisema mikunga wakiisha hutaingia," nikamwambia.

"Nilisema. Na tutahama tukiwa tumevaa nini?"

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, maji yamemfika magotini. Mimi nilikuwa ukingoni, hatua kama kumi, nashika kamba ya mgono wa nne. Alikuwa ameinama.

"Kuna mmoja," akaniambia, na alikuwa amefurahi. "Vuta taratibu."

Nikavuta. Maji yakainuka nyuma yake kama udongo unaomeguka, na akakaa chini, ghafla, uso bado unanitazama. Hakupiga kelele. Niliingia mpaka kifuani. Kaluki alikuja mbio akitupa mawe, tukatupa mawe yote tuliyoona, na maji yalifunga yakatulia. Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu.

Siku hiyo barua hazikuhitajika. Kesho yake mchana lori lilifika na askari wa wanyama mwenye bunduki, na Bwana mwenyewe, alikuwa Kibwezi kwa kazi nyingine. Alikuwa na ndevu sasa. Siku ya tatu wakampiga risasi mamba mmoja mkubwa juu ya mchanga, wakampasua. Yaliyokuwa ya Mwanamisi nilipewa kwenye shuka, na mzee Hemedi na watu wake wa Ikutha wakaja wakayazika kwa sala. Hayo sitayaandika zaidi.

Lakini nilirudi mtoni. Bwana alikuwa bado amepiga magoti kwenye tumbo lile wazi, mikono mpaka viwikoni, anapanga alichokitoa juu ya turubai. Mawe. Kwato mbili za mbuzi. Donge la manyoya. Fito zilizotafunwa. Alikuwa anatafuta, na mimi nilijua anatafuta nini, nikasimama nikimtazama.

"Mfupa ya samaki hapana," akasema. "Hata moja. Mamba kubwa namna hii."

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, sikio la mbuzi, ng'ombe wa 1938, gunia la Ndululu, samaki wangu mwenyewe niliyemfungulia mkono, rangi ya mlango wa Mwangangi, na pipa la chumvi nusu kwa nusu. Alisikiliza bila kunawa. Damu ilikauka mikononi mwake.

"Ngapi narudisha majini?" akauliza.

"Sijui. Wote walioonekana."

Akafumba macho. Midomo ilikuwa inatembea, nikajua anapiga hesabu upya. Ilipofika mwisho alikaa chini kwenye mchanga, mahali nilipokaa mimi mwaka ule.

"Kwa nini wewe hapana sema mimi?"

"Ulikuwa umefurahi, Bwana. Na ulinishukuru mbele ya hedimani."

Nikamwuliza kama sasa nyavu zitasimamishwa. Akasema ataandika, lakini kibali kina mwaka mmoja umebaki, na kutoa kibali si kazi ya meza yake. Niliona anasema kweli, na hiyo ilinichoma kuliko angenidanganya.

Mwangangi alikuwa ameshafika, amevaa kofia yake ya kazi, amebeba fomu ya kifo na kidau cha wino. Kulikuwa na mstari mmoja wa sababu. Bwana akanawa, akachukua fomu, akaniuliza jina kamili la marehemu, na umri, na ukoo. Halafu akaniuliza sababu, kwa heshima, kama vile hajui.

"Andika hesabu yako," nikamwambia. "Andika kwamba aliuawa na hesabu."

Mwangangi akakohoa. Bwana akashika kalamu juu ya karatasi, akamtazama Mwangangi, akanitazama mimi, akaandika: mamba. Akanisogezea wino nitie kidole, kama vile sijui kuandika.

Nikatia.